Mnaotuuzia "Pemba ya siri" mkome kutufanya wajinga

Wakuu, salaam. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa hoteli za Nungwi, maana habari hii ni nyingine kabisa.

Kuna kampuni moja ya utalii pale Mji Mkongwe, jina nalihifadhi kwa sasa. Tangazo lao linasema watakupeleka "Pemba ya siri, kisiwa kisichoguswa, mbali na kelele za watalii". Mimi na mama watoto tulishachoka na Nungwi na Paje, ambako hujamaliza kutandika khanga mchangani tayari umeuziwa miwani, safari ya pomboo na kusukwa nywele. Tukalipa. Tena kwa dola, Mtanzania akimlipa Mtanzania mwenzake, wakati kanuni za 2025 zimeshakataza bei za humu ndani kupangwa kwa fedha za kigeni. Nilipouliza nikajibiwa "ndivyo mfumo ulivyo, bosi".

Sasa nianze na hilo la kisiwa kisichoguswa. Kisichoguswa na nani? Pemba ina watu zaidi ya nusu milioni! Kuanzia Mkoani mpaka Konde ni vilima juu ya vilima vya mikarafuu, na hiyo mikarafuu haikuota yenyewe. Imepandwa na watu, inapaliliwa na watu, na kila msimu kuna mtu anaukwea mti mrefu kuliko nyumba ya ghorofa kwenda kuchuma, na wapo wanaoanguka. Karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka huko, na mnunuzi anayeruhusiwa ni mmoja tu, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Hiyo ndiyo Pemba. Sisi tulibahatika kwenda wakati wa mavuno. Majamvi yametandazwa kila uwanja, harufu inaingia mpaka ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa, akina mama na watoto wamekaa barazani wanachambua karafuu na makonyo, yaani vile vikonyo vyake, yanatupwa kando. Nikamwomba mtembezaji wetu tusimame japo robo saa, nikasalimie, niulize makonyo yanapelekwa wapi (baadaye niliambiwa yanakamuliwa mafuta). Jibu lake: "Hapa hapapo kwenye ratiba. Hapa ni kijijini tu."

Kijijini tu! Jamani, mimi nimelipia nini?

Kilichonitia hasira zaidi ni Kidike. Wasiojua, Kidike ndiko waliko wale popo wakubwa wa Pemba, wanaokula matunda, ambao hawapatikani popote pengine duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache sana kwa kuwindwa na kwa miti kukatwa. Waliowaokoa ni wanavijiji wenyewe, waliounda klabu za kuwalinda, na hapo Kidike mgeni analipa kiingilio kidogo kinachobaki kijijini. Mtembezaji wetu alifanya nini? Aliegesha gari mbali na pa kulipia, akatupitisha kichochoroni, tulipofika chini ya miti akaanza kupiga makofi na kupiga mluzi ili popo waruke, wageni wapate picha nzuri. Mchana kweupe, wanyama wamelala! Akatokea kijana wa pale mbio, anahema, amekasirika na ana haki. Mtembezaji akamwambia "tulia mdogo wangu, hawa ni wageni wakubwa". Mke wangu ndiye aliyemlipa yule kijana kiingilio chetu sote na kumwomba radhi. Mwenye kampuni anazo pesa zetu za "viingilio vyote", imeandikwa kwenye karatasi.

Na ndani ya gari tulikuwa na wageni wawili kutoka Ulaya, watu wazuri tu, ila hakuna aliyewaambia lolote. Ijumaa adhuhuri wameshushwa katikati ya mji wa Chake Chake na kaptura na vifua wazi, watu wanatoka msikitini wanageuza nyuso. Aibu ilikuwa ya mtembezaji, lakini waliotazamwa vibaya ni wale wageni.

Misali sitaisema sana. Kisiwa kizuri, kinahifadhiwa, kuna sehemu wavuvi wanaruhusiwa kuvua na sehemu hawaruhusiwi. Tulishushwa, tukaogelea, tukapewa maboksi ya chakula cha hotelini, tukarudi. Chakula chote cha safari nzima kilikuwa cha maboksi. Pale Wete hatukununua hata chungwa.

Pujini nako waliifuta njiani, eti "ni mawe tu, mtachoka". Siku ya mwisho tukamtoroka mtembezaji. Tukashika bodaboda mpaka Chake, tukapanda gari ya Pujini, nauli haifiki bei ya soda moja kule hotelini. Mawe tu, kweli, ila ni mabaki ya ngome ya Mkama Ndume, ya karne ya 15 hivi. Mzee mmoja tuliyemwamkia njiani akaacha jembe lake akatupeleka mwenyewe. Akatuonyesha kisima chenye ukuta katikati, kinachosemwa kilijengwa hivyo ili wake wawili wa Mkama Ndume wateke maji bila kuonana, maana walikuwa hawapatani. Akatusimulia jinsi watu walivyolazimishwa kusogeza mawe wakijiburura kwa makalio. Mke wangu akamuuliza, "Babu, na hao wake waliishia wapi?" Mzee akacheka, akasema hilo tukawaulize wenyewe. Asubuhi ile moja ilizidi safari yote tuliyouziwa.

Najua watakuja watu hapa kuniambia "ungeenda mwenyewe tangu mwanzo". Sikatai kwamba inawezekana, gari za Mkoani, Wete na Konde zipo kutwa. Lakini mimi nililipa watu wanaojiita wataalamu ili wanifikishe kwa Wapemba, na wao kazi waliyoifanya ni kunizuia nisikutane nao. Kama ni ufukwe mtupu na kitanda cha kuotea jua, ningebaki Kendwa nikaokoa nauli ya boti.

Nimeandika barua pepe ya kudai nirudishiwe angalau hela ya viingilio na ya Pujini. Wamejibu mara moja tu, kwa kunitumia tangazo la safari ya Mafia, nayo wanaiita "ya siri".

Kwa hiyo naomba msaada wa wenye uzoefu. Aliyewahi kulalamikia kampuni ya namna hii Zanzibar akasikilizwa, alianzia wapi? Kamisheni ya Utalii, au kuna mlango mwingine? Na kama mtembezaji yule ana kitambulisho cha kazi au hana, nani anapaswa kuniambia? Karatasi ya malipo ninayo, na mke wangu ana video ya yale makofi ya Kidike.