Naomba ushauri: Nijifunze glakoma kwa kozi ya mtandaoni ya Uingereza au nikakae kliniki Moshi?

MiwaniMeru (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni dada wa fani ya optometria (upimaji wa macho na miwani), stashahada yangu niliipata Moshi, sasa nipo duka la miwani hapa Arusha mjini. Wateja wangu wengi wanafuata miwani ya kusomea, yaani watu wa miaka 40 kwenda juu, umri uleule ambao glakoma (ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, wenyewe wanaiita presha ya macho) inaanza kujitokeza. Presha napima kwa tonometa ya Goldmann, nyuma ya jicho naangalia kwa lenzi ya 90D, nikishuku naandika rufaa.

Walio wazi hawanisumbui. Wanaonisumbua ni wa katikati: presha 19, diski (kichwa cha mshipa wa fahamu kinachoonekana nyuma ya jicho) ina shimo kubwa kiasi, na mwenyewe anasema anaona vizuri, anataka miwani tu aondoke. Nikimpa rufaa kila mtu wa namna hiyo nawajazia wenzangu foleni, na wengi hawaendi kabisa. Nikimwacha, anaweza kurudi baada ya miaka akiwa amepoteza sehemu ya uoni ambayo hairudi tena. Nataka niijue glakoma kwa undani ili ninapomwambia mtu "nenda hospitali" niwe na sababu ninayoweza kuitetea.

Nimeweka akiba kidogo. Naona njia tatu: kozi ya mtandaoni ya cheti cha glakoma kinachotambuliwa na College of Optometrists ya Uingereza, au kuomba kukaa kliniki ya macho KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, nijifunze kwa vitendo, au kwenda kusoma shahada kabisa. Bosi amekubali kuniachia siku moja kwa wiki, si zaidi, na nina mtoto mdogo. Naombeni mawazo ya walio kwenye fani, na hata ya wagonjwa wenyewe.

Lenzi90

Karibu dada. Nipo Moshi, kliniki ya macho, kazi yangu ni hiyohiyo. Kwa maoni yangu anza na kliniki, cheti kifuate. Shahada ni jambo zuri lakini ni pana, na wewe umetaja shida moja mahususi.

Hicho cheti cha Uingereza kina ngazi tatu. Ya kwanza inakufundisha kutambua glakoma na kuchuja rufaa, ya pili kufuatilia wanaoshukiwa na wenye presha ya juu, ya tatu ni diploma ya kusimamia wagonjwa wenyewe. Nadharia yake ni nzuri sana, sikukatazi. Ila imejengwa juu ya mfumo wao. Kule mwongozo wa kitaifa unasema presha ikifika 24 mpe rufaa, mashine ya kupima uwanja wa kuona (eneo lote ambalo jicho linaliona) ipo karibu kila duka, na mgonjwa akipewa barua hospitali inampangia siku. Halafu ngazi za juu zinadai muda wa kliniki chini ya daktari bingwa, kwa hiyo kliniki huikwepi, unaichelewesha tu.

Jambo la pili, na hapa naomba unisikilize vizuri: gonioskopi, yaani kuweka lenzi maalumu juu ya jicho uione pembe, pale konea (kioo cha mbele) inapokutana na irisi na maji ya jicho yanapotokea. Huwezi kusema hii ni glakoma ya pembe iliyo wazi kama hiyo pembe hujaiona. Utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa asilimia 4 hivi ya watu wa miaka 40 na zaidi. Wengi walikuwa wa pembe wazi, lakini wa pembe iliyofunga nao walikuwepo, na matibabu yao ni tofauti. Video haiwezi kukufundisha mkono. Ukikandamiza lenzi kidogo tu kupita kiasi, konea inabonyea na pembe iliyofunga inaonekana imefunguka, nawe unaandika "wazi" kwa moyo mweupe. Unahitaji mtu akae kwenye darubini ileile baada yako, aangalie ulichoangalia, akuulize umeona nini. Hilo lifanyike kwa wagonjwa wengi, wa kila aina, mpaka usiwe na wasiwasi.

Diski nayo ni hivyohivyo. Huyo wa katikati unayemsema, swali la kwanza si shimo ni kubwa kiasi gani, ni diski yenyewe ina ukubwa gani. Diski ndogo yenye uwiano wa shimo kwa diski wa 0.5 inaweza kuwa mgonjwa, na kubwa yenye 0.7 ikawa nzima kabisa. Kwa 90D yako punguza urefu wa mwanga mpaka ulingane na diski, soma namba, zidisha kwa 1.3 upate urefu wa diski. Ni sekunde chache tu. Kisha fuata ukingo juu na chini, tafuta palipoliwa, tafuta damu ndogo pembeni ya diski, linganisha jicho na jicho. Na hiyo 19 usiiamini peke yake. Konea ikiwa nyembamba presha inasomeka chini ya ilivyo, na wapo wanaoharibikiwa mshipa wa fahamu wa jicho wakiwa na presha ya kawaida siku zote.

OptikaTech

Mkuu mambo ya mkono ni ya zamani. Hiyo akiba aitafutie OCT (mashine ya kupiga picha tabaka za nyuma ya jicho) iliyotumika, mashine itamwambia nyekundu au kijani. Na wateja wanapenda mashine.

Lenzi90

@OptikaTech siyo hivyo ndugu yangu. Ile rangi inatokana na kumlinganisha mgonjwa na kundi la watu wazima waliopimwa na mtengenezaji, na mara nyingi Waafrika ni wachache humo. Mwenye maono mafupi makubwa (asiyeona mbali) atapewa nyekundu akiwa mzima. Mwenye lenzi iliyoanza mtoto wa jicho atapewa picha hafifu na namba zisizoaminika. OCT inamsaidia anayejua kuisoma diski, na pembe haikuambii mpaka uwe na ile inayopiga mbele ya jicho. Akinunua sasa atakuwa na deni, na swali lake la yule wa katikati litabaki palepale.

MamaMatone

Mwanangu MiwaniMeru hongera kwa moyo huo. Mimi ni nesi wa macho mstaafu. Ukifika kliniki usiishie kwenye darubini, kaa pia na wanaotoa ushauri kwa wagonjwa. Kule ndiko utakapojua kwa nini watu wako hawaendi. Mgonjwa wa mtoto wa jicho anafanyiwa upasuaji, kesho anaona, anasimulia kijiji kizima. Wa glakoma anaambiwa anunue dawa ya matone maisha yake yote na hataona vizuri zaidi ya leo. Asipoelezwa kwamba dawa inalinda kilichobaki, chupa ya kwanza ikiisha ameacha. Hayo maelezo yaanzie kwako dukani, kabla karatasi ya rufaa haijaandikwa.

Jifunze kuuliza pumu na mapigo ya moyo, kwa sababu timolol ndiyo rahisi kupatikana na mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya sana. Na umfundishe kuweka tone: vuta kope ya chini, tone moja, funga jicho, bonyeza kona ya puani dakika moja au mbili.

Tena wajue matone siyo njia pekee. Hapo hapo KCMC walilinganisha leza na timolol kwa wagonjwa 201, matokeo yakatoka mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, timolol asilimia 31. Mgonjwa wa Karatu au Longido anayeshindwa kununua dawa kila mwezi anastahili kuisikia habari hiyo kutoka kwako.

KiboshoJuu

Mimi si mtaalamu, ni mtoto wa mgonjwa. Baba alipofushwa na huu ugonjwa. Alitibiwa hospitali kwa muda mrefu na hakuna aliyetuambia sisi watoto sita kwamba tupimwe. Nilijua baadaye kwa kusoma mwenyewe, na mmoja wetu amekutwa nayo tayari. Dada, kwenye mafunzo yako yote naomba hili liwepo: ukimpata mmoja, uliza ndugu zake wa damu na watoto wake wako wapi.

MiwaniMeru

@KiboshoJuu pole sana kwa mzee, na kwa ndugu yenu. Nimelichukua, kuanzia wiki hii kwenye fomu yangu kutakuwa na sehemu ya ndugu wa damu.

@MamaMatone shikamoo mama, asante sana.

DukaLaDawaUsa

Ongezea steroidi. Huku kwetu vumbi ni kubwa, watoto wanawashwa macho mwaka mzima, wazazi wanarudi kununua tone lilelile lenye steroidi bila kuandikiwa upya. Linapandisha presha kimya kimya na mtoto halalamiki. Mtoto mwenye mzio wa macho akija kwa miwani, uliza anatumia tone gani na aje nalo mkononi.

MiwaniMeru

Wakuu mmenisaidia mno. Nimekubali: siku yangu ya wiki niitumie Moshi, nitoke Arusha na gari la alfajiri. Cheti cha mtandaoni ngazi ya kwanza nikifanye mwakani nikiwa tayari na mkono. Sasa @Lenzi90 naingiaje? Naogopa kufika nikaonekana mzururaji. Na nikimaliza, mipaka yangu kazini inabadilika?

Lenzi90

Andika barua kwa idara ya macho kupitia uongozi wa hospitali, mwajiri wako aambatishe ya kwake, weka nakala ya leseni yako ya Baraza la Optometria. Taja unachotaka kwa jina: gonioskopi, kusoma diski, kusoma vipimo vya uwanja wa kuona. Barua ya "naomba kujifunza glakoma" inakaa mezani, yenye mambo matatu inapata jibu. Uliza kliniki ya glakoma ni siku gani kabla hujakubaliana na bosi siku ya ruhusa.

Daftari liwe lako mwenyewe: kila jicho andika ulichokiona kwanza, halafu alichokiona daktari, kabla hamjazungumza. Msipolingana, hapo ndipo pa kurudia.

Mipaka haibadilishwi na cheti chochote. Kuanzisha matibabu mwachie daktari wa macho, na lolote la zaidi ya kupima na kutoa rufaa liulize Baraza kwa maandishi. Unachoweza kukipata mapema ni makubaliano na kliniki kwamba kila rufaa yako inarudishiwa majibu, hata kwa mistari miwili, na wewe unampigia simu mgonjwa ambaye hajafika. Kaombe hilo siku ya kwanza, kabla hata hujagusa lenzi ya gonioskopi.