Uhamisho wa ghafla na hasira yangu: je, bado naweza kuwa mzee wa kanisa?

Mwalimu wa Mpwapwa:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nilikuwa mzee wa kanisa Dodoma mjini hadi barua ya uhamisho iliponileta kijijini huku Mpwapwa katikati ya muhula, wakati mke wangu ndiyo kwanza amefungua genge lake karibu na soko la Majengo. Tulikuwa tumeanza kujenga, tena kwa maombi, tukiamini kwamba Mungu ametupa mahali. Leo vyombo vingine bado vimo kwenye maboksi, nami nimekuwa mtu wa hasira: namjibu mke wangu kwa ukali, na jioni watoto wakikaa mkekani kungoja ibada ya nyumbani, nawaambia wasali wenyewe wakalale. Usharika wa huku umeniomba nihudumu kama mzee. Je, mtu anayenung'unika hivi anaweza kusema anamtumaini Mungu?

Babu wa Mvumi:
Asifiwe sana, Mwalimu. Soma habari za Abrahamu bila kuruka zile zinazomwaibisha. Katika Mwanzo 12 anaitwa, anatii, anafika Kanaani, na kinachompokea huko ni njaa. Anashuka Misri na, kwa kuogopa kuuawa, anasema mkewe ni dada yake. Miaka mingi baadaye, katika sura ya 20, anarudia neno lile lile mbele ya Abimeleki, mfalme wa Gerari. Hapo ndipo nakusihi utulie kidogo, kwa maana katika sura hiyo hiyo Mungu anamwita nabii, na Abimeleki anaagizwa aombewe na mtu aliyemdanganya; sura inayofuata, Isaka anazaliwa. Uongo wake haukufumbiwa macho, alikemewa na mfalme waziwazi, lakini ahadi haikuondolewa. Unayemtumaini ni yule yule, mwanangu, hata siku ambazo wewe mwenyewe hujipendi.

Kijana wa Bahi:
Naongeza Matendo 16. Paulo na wenzake walizuiwa kulihubiri neno Asia, wakajaribu kwenda Bithinia wakazuiwa tena, wakajikuta Filipi ambako hawakupanga kufika, na huko mwanamke mfanyabiashara aitwaye Lidia na nyumba yake wakabatizwa.

Mama wa Chamwino:
Mzee amesema kweli, ila mimi ningekuomba usiharakishe kulijibu lile ombi la usharika. Kumnung'unikia Mungu ni jambo moja, na Zaburi zimejaa vilio vya namna hiyo. Mvua zikikatika Februari mtama ukiwa unachanua, sisi wakulima tunalia mbele zake bila kuona haya. Ukali kwa mkeo ni jambo jingine, kwa sababu yeye naye amehamishwa, tena bila barua na bila mshahara. Katika maelezo yako yote sijaona mahali ulipomuuliza ana hali gani. Mwombe msamaha, na iwe mbele ya watoto kwa kuwa nao walisikia, kisha umweleze mchungaji hali yote kama ulivyotueleza sisi, ili yeye na baraza la wazee waamue wakijua. Na kama mkeo bado ana hamu ya biashara, muulizie siku ya mnada hapo kijijini, umsaidie kubeba meza.