Gumzo la kikundi: Nyuzi 43 Jumamosi

Neema: Shikamooni wakubwa. Utabiri umetoka, Jumamosi nyuzi 43 kivulini. Rali ina mikondo minne, mrefu kuliko yote km 18. Fundi anashauri tutoe themostati, ile vali ya joto ya maji ya injini, maji yapite bila kizuizi. Nimwambie sawa?

Mjomba Hamisi: Marahaba. HAPANA. Asiguse.

Juma: Mjomba, mbona mafundi wengi huitoa?

Mjomba Hamisi: Huitoa, gari likaendelea kuchemsha, lawama wakaitupia rejeta. Itazameni kwanza. Ikiwa na kisahani cha pili upande wa chini, kazi yake ni kuziba njia ya mkato pale themostati inapofunguka. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupitia rejeta.

Mjomba Hamisi: Wekeni mpya ya nyuzi 82. Kabla ya kuifunga itumbukizeni kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Ianze kufunguka karibu na 82, na kwenye 95 hivi iwe wazi kabisa. Ikisita, msiifunge kwenye gari.

Neema: Sawa. Na kulanti, dawa ya maji ya rejeta, tuongeze iwe nzito? Juma anasema asilimia 70.

Mjomba Hamisi: Juma ana mambo 😂 Kulanti hubeba joto kidogo kuliko maji. Kinachotakiwa ni kuchelewesha kuchemka na kuzuia kutu, basi. Nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi inatosha. Kifuniko cha rejeta kikishika shinikizo lake la bar 1.1, mchanganyiko huo hauchemki hadi upite 125. Kwa hiyo mpira wa kifuniko ukiwa umepasuka, badilisheni kifuniko kwanza kabla ya kununua lolote kubwa.

Kaka Idi: Na hewa mtoe vizuri. Pua ya gari juu, hita kwenye moto wa mwisho, jazeni taratibu huku mnaminyaminya mpira wa juu wa rejeta. Injini iungurume mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, ipoe, ndipo mwongeze. Hewa ikibaki kwenye silinda hedi, hapo ndipo gasketi huungua.

Kaka Idi: Feni nayo, kama nyaya ziliguswa, wekeni karatasi mbele ya rejeta. Ivutwe. Ikisukumwa, nyaya zimegeuzwa na feni inapigana na upepo wa safari.

Neema: Tumeosha rejeta kwa mashine ya presha.

Kaka Idi: Aah! Presha hulaza mapezi yale membamba. Osheni kwa bomba la kawaida, maji yatoke upande wa injini kwenda mbele. Mianya ya pembeni ya rejeta zibeni kwa sponji, maana hewa hupenda njia rahisi. Taa za ziada za mbele ng'oeni, mchana ni pazia tu.

Juma: Likichemsha katikati ya mkondo je? Tulimwagie maji injini?

Juma: _Ujumbe huu umefutwa_

Mjomba Hamisi: Nimeusoma 😄 Maji baridi kwenye chuma cha moto hupasua. Mshale wa joto ukianza kupanda, punguzeni mwendo, tumieni gia ya juu, fungueni hita yote. Mtaungua miguu, injini itapona. Ila mshale ukipanda halafu UKASHUKA ghafla, msishangilie. Mara nyingi kipimo kimebaki hewani, maji yameisha. Zimeni papo hapo. Kifuniko hakifunguliwi mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono.

Mjomba Hamisi: Mwisho wa mkondo, gari likiwa zima, msizime mara moja. Pampu ikisimama, chuma huendelea kupasha maji yaliyotulia. Injini mizunguko 1,500 kwa dakika, boneti juu, dakika mbili.

Kaka Idi: Breki ya mkono msivute hapo, pedi hunata kwenye diski. Tumieni kabari. Mafuta ya breki badilisheni yote, kopo lililofunguliwa leo leo. DOT 4 mpya haichemki chini ya 230, ikishanyonya unyevu hushuka hadi 155 hivi, na kanyagio linakuwa kama sifongo.

Neema: Upepo wa tairi tupunguze kwa ajili ya joto?

Kaka Idi: Kinyume chake. Tairi laini hujikunja ubavuni, na kujikunja ndiko kunakoleta joto. Pimeni alfajiri, kivulini. Kila nyuzi 6 huongeza karibu psi 1, kwa hiyo geji ikisoma juu baada ya mkondo msitoe. Ikipoa mtabaki na tairi tupu.

Shangazi Rehema: Nimesoma yote. Mmezungumzia chuma tu, na mwelekezi, anayemsomea dereva kona, ndiye atakayechemka kwanza.

Shangazi Rehema: Nguo za ndani pamba au zile zisizoshika moto. Nailoni huyeyukia ngozini. Nusu lita saa mbili kabla ya kuanza, kisha ml 200 kila dakika 20, kidogo kidogo. Kwa siku nzima maji matupu hayatoshi, changanyeni pakiti moja ya chumvi za kuongezea maji mwilini kwa lita 1 kamili, si nusu lita "ikolee". Helmeti na glavu zivuliwe kila mnaposubiri.

Shangazi Rehema: Neema, sikiliza sauti ya mwelekezi. Akianza kusoma kona kwa kuchelewa au kuruka mstari, hiyo si uzembe. Akiongea ovyo na mwili unawaka, simama, onyesha alama ya SOS. Mvue, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kuacha. Aliyechanganyikiwa hanyweshwi kitu.

Neema: Nimeandika Shangazi. Maji lita 20, yote ya kunywa na ya gari?

Shangazi Rehema: Madumu mawili tofauti, myapige tepu ya rangi. Kulanti ni sumu na ni tamu, mtu mwenye kiu hatagundua.

Kaka Idi: Na yafungwe kwa mkanda, kilo 20 zikiruka nyuma ya kiti si mchezo.

Juma: Tepu nyekundu ya gari, bluu ya kunywa. Dumu moja kifuniko kinavuja lakini.

Mjomba Hamisi: Hilo liache nyumbani. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nakuja na sufuria.