Kamyufu (kura ya mchujo ndani ya chama) yenye mgombea mmoja: sisi wanachama hatuulizwi?

MamaHadija_Busia
Habari zenu wandugu. Naomba mnaozijua sheria za uchaguzi mnisaidie, jambo hili linaninyima usingizi.

Siku ya kamyufu ya kansela wa LC3 (diwani wa baraza la kaunti ndogo huku kwetu Uganda) nilifunga duka mapema, nikaenda chini ya mwembe ambapo siku zote tunapiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya picha ya tunayemtaka. Nikakuta picha ya kansela aliyepo imeegemezwa kwenye shina, peke yake, hakuna hata mtu mmoja aliyesimama nyuma yake. Msimamizi akatuambia turudi nyumbani, amepita bila kupingwa. Mpinzani wake alikuwa amejitoa wiki moja kabla, na hakuna aliyetueleza sababu.

Huyu kansela hajakanyaga kwetu tangu mpini wa kisima uvunjike. Maji tunanunua kwa jerikani. Mimi sikuwa na mgombea wangu, nilitaka tu mahali pa kusimama nionekane kwamba simtaki.

Jioni nikampigia mdogo wangu aliyeko Tampa, Florida, ambaye ni raia wa kule. Akanishangaza: mwezi wa Machi 2024 hakupiga kura ya mchujo wa urais kabisa, na yeye ni mwanachama wa Democratic aliyejiandikisha. Eti jina lilikuwa moja. Ni kweli? Na majimbo yote ya Marekani ndivyo yalivyo?

Mwalimu_Tororo
Dada, mdogo wako amesema kweli. Sheria ya Florida inasema chama kikiwa na mgombea mmoja tu wa kiti, jina lake halichapwi kwenye karatasi ya mchujo. Anatangazwa mteule, basi. Kwa urais, chama ndicho kinachopeleka majina, na Democratic wa Florida walipeleka la Biden peke yake, ingawa Dean Phillips, wakati huo mbunge wa Minnesota, naye alikuwa anagombea. Mchujo wao haukufanyika.

Kilichonigusa ni kilichofuata. Tarehe 21 Julai 2024 Biden akajitoa, akaingia Kamala Harris. Kwa hiyo mwanachama wa Florida hakuulizwa kuhusu wa kwanza, wala hakuulizwa kuhusu wa pili.

New York nao asiye na mpinzani huteuliwa bila kura. Oklahoma wamekwenda mbali zaidi: asiyepingwa hata katika uchaguzi mkuu hutangazwa mshindi, jina halifiki kwa mpiga kura.

Stage_Malaba
Mama, pole kwa maji. Lakini kuchapa karatasi na kulipa wasimamizi kwa jina moja ni kutupa pesa. Na sheria yetu ya uchaguzi wa bunge ya 2005 ni hivyo hivyo: akiteuliwa mmoja tu, anatangazwa mbunge.

MamaHadija_Busia
Asante Mwalimu, Mungu akubariki. Ndugu yangu wa Malaba, hoja ya karatasi naielewa kwa Florida. Sisi tunapanga mstari. Mstari unachapwa wapi? Msimamizi alikuwepo, kitabu cha wanachama kilikuwepo mezani, sisi tulikuwepo na jua letu kichwani. Ingegharimu nini kutuhesabu?

Na aliyepita kamyufu bila kupingwa, kwetu kiti amekipata. Vyama vingine havisimamishi mtu huku. Siku ile ndiyo ilikuwa siku yetu ya pekee.

Mwalimu_Tororo
Hapo nakuunga mkono. Basi tazama Nevada. Tangu 1976, kwa urais na viti vya jimbo zima, karatasi yao ina nafasi ya kusema "hakuna hata mmoja kati ya hawa". Mwaka 2014, mchujo wa Democratic wa ugavana, nafasi hiyo ilipata kura nyingi kuliko mgombea yeyote. Ila haina meno: uteuzi ulikwenda kwa Robert Goodman aliyefuata.

MamaHadija_Busia
Hata bila meno naitaka. Angeona mstari wa wanaomkataa umefika barabarani, angejua kisima kipo upande gani.

Jumapili tuna kikao cha tawi. Nitaomba mgombea akibaki mmoja ipangwe mistari miwili, wanaomtaka na wasiomtaka, na hesabu zote mbili ziandikwe. Mwalimu, ukipata nafasi niandikie maneno ya ombi hilo vizuri kwa Kiswahili na Kisamia, wazee wetu wasikie wenyewe.

Mwalimu_Tororo
Kiswahili utapata kesho jioni. Kisamia nitamwomba mke wangu.