Mjadala: Maombi ya PhD yapimwe kwa kazi ya mtu au kwa vyeti vyake vya nyuma?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mtu ambaye njia yake ya masomo haikunyooka, je, afungiwe PhD, yaani shahada ya uzamivu? Nasema asifungiwe, na ushahidi wangu nautoa Kigoma.

Julai 1960 Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe, alifika kwenye msitu wa Gombe hana digrii yoyote. Alikuwa amesomea ukatibu muhtasi, akafanya kazi kwa Louis Leakey, mtafiti wa asili ya binadamu, kule Nairobi. Miezi michache baadaye akamwona sokwe akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu na kutoa mchwa, wakati wataalamu waliamini kuwa binadamu peke yake ndiye mwenye kutengeneza zana. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kikampokea kwenye PhD bila shahada ya kwanza. Wala hawakumhurumia. Msimamizi wake, Robert Hinde, alimbana sana kuhusu namna ya kukusanya na kuandika data, wengine wakamkosoa kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba, na tasnifu akaiandika kama kila mtu.

Sasa tazameni upande wa pili. Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waliteka vijana wanne wa utafiti palepale Gombe. Watafiti wa kigeni wakaondoka. Walioendelea kuwafuata sokwe milimani na kujaza taarifa za tabia zao ni wasaidizi wa utafiti Watanzania, akina Hilali Matama. Data hizo zimelisha tasnifu na makala za watu wa vyuo vikubwa. Mtu wa aina hiyo, mwenye miaka 20 ya kutazama wanyama porini, akiomba PhD leo kwenye vyuo vyetu, aonyeshe wapi anachokijua? Fomu itaanza na cheti cha kidato cha nne, na safari itaishia hapo. Goodall alikuwa na Leakey wa kumsemea. Huyu wa kwetu asemewe na nani?

Pendekezo langu: mwombaji alete andiko la utafiti na kazi alizokwisha fanya, ahojiwe na jopo la watu wa fani. Likiona mapengo, asome kwanza mbinu za utafiti na takwimu, akifaulu ndipo asajiliwe. Utetezi wa tasnifu ubaki mgumu vilevile. Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, mimi nafundisha chuo kikuu na napinga. Goodall ni mmoja. Kanuni haitungwi kwa ajili ya mtu mmoja. Mwaka 2017 uhakiki wa serikali ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Katika hali hiyo unataka jopo liamue kwa kusikiliza tu? Kwenye jopo kuna shemeji, kuna rafiki, na nje ya mlango kuna mwanasiasa anayetaka kuitwa Dokta kabla ya uchaguzi. GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ina ubaya wake, lakini haipigiwi simu na mkubwa. Halafu mwanafunzi asiyejua hata kusoma jedwali la takwimu, atakayekesha naye ni mimi.

Mleta mada

Mwalimu, hoja ya upendeleo ni nzito, na sina jibu jepesi. Lakini hao 9,932 walipitia wapi? Kwenye karatasi. Mtu anaweza kununua cheti. Kujibu swali la tatu na la nne kuhusu data aliyosema kaikusanya mwenyewe, mbele ya mtu wa fani, ni kazi nyingine kabisa. Mjumbe mmoja atoke chuo kingine, na andiko la kila aliyepita liwekwe wazi tulisome. Kukesha naye ni kweli kutakuchosha, na chuo kikulipe kwa saa hizo.

Mchangiaji wa pili

Samahani kwa kuingilia. Mimi ni muuguzi. Nilianza na cheti, nikaenda diploma, digrii nikasoma Chuo Kikuu Huria huku niko zamu za usiku, kisha masta ya afya ya jamii. GPA ya digrii ni ndogo, ya masta ni nzuri. Kwenye barua ya maombi niieleze hiyo ya kwanza au ninyamaze?

Mchangiaji wa kwanza

Dada yangu, ieleze kwa sentensi mbili, bila kuomba radhi. Nafasi iliyobaki itumie kwa swali lako la utafiti na uliyoyaona wodini ambayo sisi wa ofisini hatuyaoni. Na usianze na fomu. Tafuta msimamizi anayefanya kazi kwenye mada yako, mtumie kurasa mbili. Akikubali, ataisemea GPA yako kwenye kikao cha idara. Mimi nimeshawasemea watu namna hiyo.

Mleta mada

Mwalimu, hicho unachowafanyia wanaokufahamu ndicho ninachotaka kiandikwe kwenye kanuni za udahili, hata asiyemjua profesa yeyote akipate.

Mchangiaji wa kwanza

Kiandikwe, ila mjumbe wa kutoka nje akisema hapana, iwe hapana. Bila hilo bado napinga.