Seva inajikokota saa nne asubuhi, nibadilishe setingi gani za diski?

mtoto_wa_changamwe
Salaam wakuu. Nna kiseva hapa ofisini, Debian 12, hadidiski moja ya mzunguko 7200, imebeba mafaili ya kliaringi na databesi ndogo ya Postgres. Asubuhi iko sawa lakini ikigonga saa nne ni balaa, unafungua faili unaweza kwenda kununua mahamri ukarudi bado. Kuna mahali nimesoma niwashe kashe ya kuandikia (diski ishike data kwenye memori yake kwanza) kwa hdparm -W1, niweke noatime (isiandike saa faili limesomwa) na barrier=0 (isilazimishe data ifike diski kwa mpangilio) kwenye fstab (faili la setingi za diski) alafu nibadilishe skedula (inayopanga foleni ya diski). Nipige zote tu?

fundi_makupa
We kaka tulia kwanza. Diski nyingi hio kashe iko on tayari, piga `hdparm -W /dev/sda` utaona. noatime haina ubaya ila usitarajie makubwa, kerneli inatumia relatime (huandika saa ya kusomwa mara chache tu) yenyewe tangu 2009. Lakini barrier=0 USIGUSE, stima ikipotea katikati ya kuandika na huna UPS (betri ya dharura) hio Postgres utaizika. Weka sysstat (ndo ina iostat), piga `iostat -x 5` wakati ule ule inalemaa, na `iotop -o` pembeni uone ni nani anakula diski.

mtoto_wa_changamwe
%util 99 (diski iko bize muda wote), w_await (subira ya kuandika) inaruka milisekunde 400 na zaidi. iotop inaonyesha tar (programu ya kufunga mafaili pamoja) iko juu kabisa, sijui yatoka wapi

bi_terminal
Angalia krontabu (ratiba ya kazi zinazojiendesha) ya root

mtoto_wa_changamwe
Lahaula. `0 10 * * *`, yaani kila siku saa nne asubuhi, bakapu ya kila kitu. Jamaa aliyekuwa hapa kabla yangu nadhani alitaka saa nne usiku 😂

bi_terminal
Basi weka 22 hapo kwenye 10, na mbele ya tar ongeza `ionice -c3` (isubiri hadi diski iwe huru). Ukitaka ionice ifanye kazi vizuri weka skedula ya bfq, `echo bfq > /sys/block/sda/queue/scheduler`, ikikataa piga `modprobe bfq` kwanza. Ukiriboot itarudi mq-deadline (skedula ya kawaida) kwa hivyo ikikufaa iandikie sheria ya udev, ijiweke yenyewe kila ukiwasha.

fundi_makupa
Na hio tar inaandika wapi? Usiniambie ni diski hio hio moja

mtoto_wa_changamwe
...ni hio hio

fundi_makupa
Yakhe! Sasa hio ni bakapu ama ni kopi ya kujifurahisha? Kichwa kimoja kinasoma huku kinaandika kule, lazima ilemae, na diski ikifa vyote vyaenda. Mwambie bosi anunue ya pili leo, na mkiwa huko piga `smartctl -a` (ripoti ya afya ya diski) muone hio ya sasa ina umri gani.