Ndoo ya mabibo darasani: vijinzi vya uraka vimezoea pombe au vimechujwa?

Mwanzisha mada, mzazi, Mtwara mjini
Nduguzanguni, habari za jioni. Kikao chetu cha wazazi kimechafuka kwa sababu ya ndoo. Mwalimu wa baiolojia wa kidato cha nne (shule siitaji) aliingia darasani na mabibo yaliyochacha, vijinzi vyenye macho mekundu vimeyavamia, akawaambia watoto: uteuzi asilia huu hapa, yaani anayefaa mazingira ndiye anayeacha watoto wengi. Mzazi mmoja akasimama: tumeleta watoto wasome, hatukuwaleta wanuse uraka, pombe ya mabibo. Mwingine akasema hiyo ni njia ya uani ya kuwaambia wametokana na nyani. Ndoo imezuiwa.

Mimi nasema irudi. Sisi mfano wa uteuzi huo tulikaririshwa shingo ya twiga, na twiga mwenyewe nilimwona kitabuni tu. Vijinzi vya mabibo nimevipunga kwa mkono tangu utotoni, kila msimu wa korosho.

Mjomba wa Masasi
Mzazi mwenzangu, kuna la kuelezwa hapo? Mlevi naye siku ya kwanza chupa moja inamwangusha, baada ya mwaka anakunywa tano. Kijinzi kimezoea, basi.

Mwalimu mwenyewe
Shikamoo mjomba. Hapo ndipo wanafunzi wangu wote walipokwama. Mlevi akizoea, mwanawe hazaliwi na mazoea yale. Kijinzi kina kimeng'enya, yaani protini inayovunja pombe, kinaitwa ADH, na jeni yake (maagizo ya kurithi ya kukitengeneza) ina matoleo mawili yanayojulikana sana, F na S. Mwaka 1983 mtafiti wa jenetiki, Martin Kreitman, alisoma nakala 11 za jeni hiyo herufi kwa herufi. Alikuta mahali 43 panapotofautiana, lakini ni mahali pamoja tu panapobadili protini yenyewe: pale F ina threonini, S ina lisini, vijenzi viwili tofauti vya protini. Kwa tofauti hiyo na nyingine ndogondogo zinazoandamana nayo, mwenye F huivunja pombe upesi zaidi. Anayezaliwa na F anayo, asiyezaliwa nayo haipati kwa kunywa. Pombe ikiwa kali, wa S wanaacha watoto wachache zaidi, na kizazi kijacho F imeongezeka. Kizazi chao kwenye joto ni kama siku kumi. Hesabuni wenyewe msimu mmoja wa mabibo ni vizazi vingapi.

Muumini, Lindi
Mwalimu, hilo mimi sina ugomvi nalo. Hata mbuzi tunachagua beberu. Lakini kijinzi kimeingia kijinzi, kimetoka kijinzi. Usiwauzie watoto gunia zima kwa kuwaonyesha kiganja kimoja.

Mwalimu mwenyewe
Sijasema kitageuka kunguru, shehe wangu. Nimewaambia wahesabu, basi.

Mwanzisha mada
Shehe ana hoja, ila tukubali kiganja hicho kipo. Tena si cha Ulaya pekee. Vijinzi vya Brazzaville, Congo, vilichunguzwa, matokeo yakachapishwa mwaka 1989: vile vya kiwanda cha bia vilikuwa na F nyingi na vilihimili pombe kuliko vya mashambani, umbali wa kilomita chache tu. Mabawa vinayo na vinaweza kuruka kwenda kuchanganyika, na bado tofauti ilibaki. Mimi hilo lilininyima usingizi.

Mtu wa maabara
Naunga mkono ndoo, ila mwalimu asiwaache watoto wakidhani kila kitu ni pombe. Kimeng'enya cha S kinastahimili joto vizuri zaidi, na nchi za joto S huwa nyingi. Pwani ya mashariki ya Australia F inaongezeka kadiri unavyokwenda kusini kwenye baridi. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba kwa takribani miaka 20 mpangilio huo ulikuwa umesogea kusini kiasi cha nyuzi 4 za latitudo, hali ya hewa ikibadilika. Kwa hiyo ndoo ya Mtwara ina mambo mawili yanayovutana: uraka unavuta F, jua letu linavuta S. Nani anashinda? Hilo ndilo swali la darasani, na jibu lake halimo kitabuni.

Mama wa Tandahimba
Wanangu, mnabishana juu ya ndoo yangu bila kuniuliza. Nakamua mabibo tangu nikiwa mwali. Siku ya kwanza maji yake matamu, vijinzi vinajaa kwenye kitambaa cha kuchujia. Siku ya tatu uraka umekolea, unakuta vimeelea vimekufa. Mbona hao mashujaa wa F siwaoni?

Mwalimu mwenyewe
Shikamoo mama. Hao wanaoelea wamezama tu, hata F haijui kuogelea. Mashindano yenyewe yako kwa mabuu, kule kwenye machicha unayoyatupa. Yai likitagwa mle, buu anakula pombe mchana na usiku mpaka awe kijinzi, hana pa kukimbilia.

Mama wa Tandahimba
Marahaba. Kumbe! Machicha ninayo lundo nyuma ya jiko, na yanatembea kwa hao mabuu. Njoo Jumamosi na watoto wako na madaftari. Uraka sitawapa, na huyo mzazi aliyeogopa harufu naye aje, akae upande wa juu wa upepo.

Mjomba wa Masasi
Mimi je, uraka nitapewa?